Tambi za mboga zinazojaa maji: jibu kwa mama wa Sakina

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Sakina, Arusha, na kazi yangu iko mjini. Nikibahatika na daladala nafika nyumbani saa moja jioni, na watoto wangu wawili wanatakiwa wawe kitandani saa tatu. Mume wangu ana kisukari na daktari amemwambia apunguze wanga wa usiku. Rafiki yangu akanishauri nikate zukini, vile viboga vya kijani vinavyofanana na tango, nyembamba na ndefu, nizipike badala ya spageti. Nilizichemsha, nikaziwekea rosti ya nyama ya kusaga. Sahani ilijaa maji, zukini zikalegea hata uma haukuzishika, na kabla ya kulala watoto wakaomba mkate. Nimekosea wapi? Ni lazima ninunue ile mashine ya kuzungusha mboga itoke nyuzi? Na kuna mboga nyingine zinazofaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Pole kwa hiyo jioni, na hongera kwa kumjali mwenzio. Ulipokosea ni kwenye sufuria ya maji ya moto.

Spageti ni unga uliokaushwa. Inaingia majini ikiwa na kiu, inakunywa, inavimba. Zukini inafika jikoni ikiwa imeshabeba maji yake: katika kila gramu 100, gramu 95 hivi ni maji. Ukiichemsha, joto linalegeza kuta za seli zake na maji ya ndani yanatoka, ya sufuria yanabaki katikati ya nyuzi, halafu unamimina juu yake rosti ya nyanya, ambayo nayo ina maji. Vyote vinakutana kwenye sahani. Upishi wa tambi za mboga, kuanzia kisu mpaka mezani, ni kazi ya kuyaondoa maji hayo, na kila ninachokueleza hapa kinatoka kwenye jambo hilo.

Basi sufuria iache kabatini. Chukua kikaango kipana.

Ukishaingia nyumbani, anza na zukini kabla ya kitu kingine chochote. Zioshe, usizimenye, kwa maana ganda ndilo linaloshika umbo la uzi. Kata nyuzi kutoka kwenye nyama ya pembeni tu, ukizungushia zukini, na ukifika kwenye mbegu simama. Ile sehemu ya katikati ni laini na ina maji kuliko sehemu nyingine zote. Ikatekate uitie kwenye rosti, au iweke kwa ajili ya supu ya kesho. Nyunyizia chumvi nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyuzi, changanya kwa mkono, weka kwenye chujio juu ya bakuli na ziache dakika 15. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya mboga, utayakuta yamejikusanya kwenye bakuli. Kisha zifunge kwenye kitambaa safi na uzikamue kwa mkono wa wastani, usizisage. Chumvi hiyo ihesabu: rosti usiitie chumvi mpaka umeionja pamoja na zukini, hasa kama kuna mtu wa presha mezani.

Dakika hizo 15 ndizo za kupika rosti. Kitunguu, kitunguu saumu, nyama ya kusaga, nyanya, hoho, kama ulivyozoea. Tofauti iko mwishoni. Rosti ya kulia ugali tunaiachia mchuzi ili tonge lipate cha kuchovya. Hii ya zukini iache bila mfuniko mpaka mafuta yaelee juu, na mwiko ukipita kwenye kitako cha sufuria uache njia inayoonekana kwa muda. Kama nyanya za sokoni ni za maji mengi, tia kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, ile nzito, na upunguze nyanya fresh. Nyama ya kusaga nayo ikaushe kwanza peke yake kabla nyanya haijaingia, kwa sababu inatoa maji mengi kuliko watu wanavyodhani.

Rosti ikiwa tayari, weka kikaango kwenye moto mkali na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Mafuta yakishapata moto, tia nusu ya zukini. Nasema nusu kwa sababu ukizirundika zote, moto unashuka, mboga inaanza kujichemsha kwa mvuke wake yenyewe, na umerudi kulekule. Geuza kwa dakika moja na nusu, mbili zikizidi. Usifunike. Onja uzi mmoja: uwe umelainika, lakini jino lipate cha kukata. Pakua, kaanga nusu ya pili, weka rosti juu, kuleni.

Kuleni palepale. Najua nyumba nyingi za kwetu chakula kikiiva kinaingia kwenye hotipoti kumsubiri baba, na kwa wali au ndizi ni utaratibu mzuri. Kwa zukini hotipoti inaharibu kila ulichofanya, kwa kuwa ndani yake mvuke hauna pa kutokea. Mume wako akichelewa, mwekee nyuzi zake mbichi zilizokwisha kukamuliwa, rosti ibaki kwenye sufuria, na akifika unamkaangia kwa dakika mbili.

Sasa njaa ya watoto. Mkate walioomba walistahili kuomba. Gramu 100 za spageti iliyopikwa zina kilokalori 150 na ushee, na wanga wa gramu 30 hivi. Gramu 100 za zukini zina kilokalori 17 na wanga wa gramu 3. Ndiyo maana inamfaa baba aliyeambiwa apunguze, na ndiyo maana haimfai mtoto aliyecheza mchana kutwa na ambaye daktari hajamwambia apunguze chochote. Nasikitika ninapoona familia nzima inawekwa kwenye mlo wa mgonjwa mmoja. Mtoto anayekua anahitaji wanga wake.

Kwa hiyo usiwape watoto sahani ya baba. Wao wachanganyie: gramu 120 hivi za spageti kavu zinatosha watoto wawili, na mboga iwe nyingi kama spageti yenyewe. Hapa ndipo karoti inapokuwa nzuri kuliko zukini. Karoti ina nyama ngumu, inavumilia maji. Spageti ikibakiza dakika mbili kuiva, tia nyuzi za karoti kwenye sufuria hiyohiyo, kisha chuja vyote pamoja. Umetumia jiko moja na gesi ya mara moja, na watoto wanaoikataa karoti ikiwa vipande mara nyingi hawaikatai ikiwa imejiviringisha kwenye spageti. Jambo dogo la hapo Arusha: mko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ya spageti hautoshi. Ongeza dakika moja au mbili na uamini meno yako. Hata hapa Moshi, ambako tuko chini kidogo, tofauti hiyo ipo. Kikaango cha mafuta hakiathiriki kwa namna hiyo, ndiyo maana muda niliokupa wa zukini hautabadilika.

Baba naye lazima ashibe, la sivyo saa nne usiku atafungua kabati. Zukini haitamshibisha peke yake hata akila sahani mbili. Kinachoshibisha kwenye mlo huu ni nyama, mayai, samaki, karanga au maharage yaliyo juu yake, pamoja na mafuta kidogo. Nusu ya parachichi pembeni ni jambo jema sana, na kwetu Kilimanjaro na Arusha si kitu cha kutafutwa kwa tochi. Mafuta yake yanausaidia mwili pia kufyonza ile rangi ya njano ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Maharage yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na wanga wake unaingia kwenye damu polepole. Kiasi kidogo yakiwa yameiva, kwa mtu mzima, hakimwondoi kwenye shauri la daktari, ila yahesabiwe.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kama mume wako anajidunga insulini, au anameza vidonge vya aina ya glibenklamaidi, usimwondolee wanga wa usiku ghafla bila kurudi kliniki. Dawa hizo zinashusha sukari hata asipokula wanga, na dozi yake ilipangwa kwa mlo aliokuwa anakula zamani. Mlo ukibadilika na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno usiku akiwa amelala. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa: ukiona hivyo na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, kisha mpelekeni hospitali. Mwulizeni daktari wake kabla hamjafanya mlo huu kuwa wa kila siku.

Umeuliza kuhusu mboga nyingine. Kama ungekuwa mbele yangu jikoni nisingekuanzishia na zukini hata kidogo. Ningekuanzishia na kabichi. Ni rahisi, lipo kila genge, na wanawake wa kwetu tayari wana mkono wa kulikata jembamba. Kata kabichi mara nne, ondoa lile gogo la katikati, lilaze na ulikate kufuata urefu wake ili upate nyuzi ndefu. Halihitaji chumvi ya kukamua, linahitaji dakika nne au tano kwenye moto mkali, na likizidi dakika moja haliharibiki.

Kabichi na karoti kwa rojo la karanga ndicho chakula ninachokipendekeza kwa mtu anayefika nyumbani saa moja. Chukua nusu ya kabichi dogo na karoti tatu. Kwenye bakuli weka vijiko vitatu vya chakula vya karanga za kusaga, zile zisizotiwa sukari. Kama ni za duka soma maandishi ya kopo, maana nyingine zina sukari na kwa baba hazifai. Tia maji ya moto kidogo kidogo, robo kikombe kwa jumla, huku ukikoroga. Mwanzoni karanga zinajikaza na utadhani umeharibu. Endelea, zitalegea ziwe rojo laini. Kamulia ndimu, kwangulia tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, tia chumvi, na pilipili kwa anayeitaka.

Kaanga mayai manne kwenye kikaango kwa kuyavuruga, yatoe yakiwa bado laini. Kikaango hichohicho kirudishe motoni na mafuta kidogo, tia kitunguu saumu, kisha karoti, baada ya dakika moja kabichi. Geuza mpaka kabichi lipungue na kingo zake zianze kushika rangi ya kahawia kidogo. Hapo ndipo utamu wake unapotoka. Zima moto, mimina rojo, rudisha mayai, changanya. Maji machache yanayotoka kwenye kabichi yananyweka ndani ya karanga na kulifanya rojo lishike vizuri zaidi, ndiyo sababu mchanganyiko huu humsamehe anayejifunza. Tangu kushika kisu hadi kupakua ni kama nusu saa kwa mkono usio na haraka. Watoto wawekee juu ya spageti au wali uliobaki mchana. Baba ale hivihivi, na mayai yake yawe mengi kidogo.

Kama mnasaga karanga wenyewe, chambua kwanza. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, usizikaange ukitumaini moto utazisafisha. Sumu ya ukungu huo inavumilia moto wa jikoni.

Mboga nyingine nizipitie kwa haraka. Karoti yenyewe, dakika tatu au nne kwenye kikaango. Ina wanga wa gramu 10 hivi kwa gramu 100, bado ni theluthi ya spageti. Kiazi kitamu kinatoa nyuzi nzuri sana lakini ni wanga, kama gramu 20 kwa gramu 100, kwa hiyo ni cha watoto; kinataka dakika sita hadi nane na mfuniko. Bitiruti inapaka rangi kila kitu, ipike peke yake. Boga gumu linafaa ukipata sehemu ya shingo isiyo na mbegu. Papai bichi linakaa imara, nalipenda kwa rosti ya dagaa, ila mama mjamzito asilitumie, kwa sababu ya utomvu wake. Tango liache kwa saladi ya mchana, ukilikaanga linayeyuka.

Mashine si lazima. Zipo za aina nyingi, na ile ndogo ya mkononi inayofanya kazi kama kichongeo cha penseli inakubali mboga zilizonyooka na za unene mmoja tu, jambo ambalo karoti za kwetu hazijui. Tumia kile kifaa cha kumenyea karoti, cha bei ndogo kwenye maduka ya vyombo. Bandua tepe pana kutoka juu hadi chini, zipange tepe tano au sita moja juu ya nyingine, kata kwa kisu kwa urefu. Kwa zukini hata usikate, tepe zenyewe zinatosha na zinaonekana vizuri kwenye sahani. Kikwaruzo usikitumie, kwa kuwa kinatoa vipande vifupi vilivyochanika, na mboga iliyochanika inamwaga maji haraka. Pesa ya mashine nunulia kikaango kipana chenye kitako kizito. Utakitumia kwa kila kitu.

Kununua, uko mahali pazuri. Soko la Kilombero liko wazi kila siku, na ukiweza kupita Tengeru Jumatano au Jumamosi, siku za gulio, utapata mboga zilizotoka shambani asubuhi hiyo. Chagua zukini ndogo, za urefu wa kiganja na vidole, ngumu ukizibinya. Ile kubwa iliyonona inavutia kwa bei lakini ndani ni mbegu na maji. Karoti na kabichi unaweza kukata Jumapili jioni ukaziweka kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko na kitambaa kikavu chini, zikakufikisha Alhamisi. Zukini kata siku hiyohiyo au jana yake. Usizigandishe: barafu inapasua seli zake, na zikiyeyuka unabaki na maji na ganda. Kama huna friji, karoti nzima na kabichi zima hukaa siku kadhaa mahali penye kivuli na hewa, basi kata unapohitaji. Dakika kumi zinatosha ukishazoea.

Kila zukini au boga, kabla ya kukata lote, kata kipande kidogo cha kichwani ukiweke kwenye ulimi. Kikiwa kichungu sana kiteme, na mboga hiyo uitupe yote. Uchungu huo unatokana na sumu ya asili ya mimea ya jamii ya maboga, chumvi haiutoi wala moto hauutoi, na mtu akila anaweza kuharisha na kutapika vibaya. Ni nadra, hasa kwa mbegu za dukani. Hutokea zaidi kwenye maboga yaliyojiotea yenyewe kwenye mbegu za mwaka jana. Wafundishe na watoto, kwa kuwa wao huambiwa wamalize sahani.

Wiki hii anza na kabichi na karanga, siku yoyote usiyochoka sana. Wiki ijayo jaribu zukini mbili tu, za sahani ya baba peke yake, watoto wale spageti na karoti kwa rosti ileile. Mkono wako ukizoea kukamua na kukaanga bila mfuniko, ongeza kiasi. Na ukirudi kliniki na mume wako, nenda na vipimo vya sukari vya asubuhi vya siku zile mlizokula hivi, viandikwe kwenye daftari pamoja na chakula cha jana yake, daktari apate cha kupangia dozi.